Wajibu wa Watumishi wa Chekechea katika Kuwalinda Watoto

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo kwa desturi yetu halisemwi mbele ya watu, nasi twawaomba radhi wazee iwapo maneno mengine yatakuwa mazito masikioni. Jambo lenyewe ni hili: mtoto mdogo anapodhuriwa, ama nyumbani ama chekechea, ni nani apasaye kusema, aseme kwa nani, na aseme lini.

Chekechea si kitu kigeni kwetu. Wakati wa Hali ya Hatari, baina ya mwaka 1952 na 1960, vituo vya kuwaangalia watoto vilianzishwa katika vijiji vya Mkoa wa Kati, ambako akina mama walilazimishwa kufanya kazi za sulubu. Baada ya Uhuru wa 1963 wazazi walijenga vyumba vya nasari kwa Harambee. Kwa Katiba ya 2010, elimu hiyo ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali za kaunti. Walakini mlango unapofungwa asubuhi, kaunti haimo chumbani, wala mzazi hamo. Waliomo ni mwalimu, yaya, mpishi, mlinzi wa lango na dereva. Twawataja wote makusudi, maana wengi hudhani kwamba kumlinda mtoto ni kazi ya mwalimu peke yake, hali mpishi ndiye aonaye mtoto alaye kama asiyekula tangu jana, na mlinzi ndiye ajuaye ni nani aliyekuja kumchukua jioni.

Sheria hatutaisoma yote. Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kila mtoto ana haki ya kulindwa na dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na ukatili wa kila namna, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, yaeleza hayo kwa urefu. Kiboko nacho kiliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza tena. Tungali twasikia wazazi wakimwambia mwalimu, "Mpige tu, ni wako." Mwalimu amchapaye mtoto wa miaka minne kwa sababu amejikojolea hamfundishi kitu, ila humfundisha kuficha, na mtoto aliyezoea kuficha hatasema siku atakapodhuriwa kweli.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kueleza mambo kwa mpango. Husema kwa mwili wake. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani aanza tena. Aliyekuwa mchangamfu anyamaza. Alia kila amwonapo mtu fulani. Akaa kwa shida. Au acheza mchezo ambao mtoto wa umri ule hapaswi kuujua. Dalili moja peke yake si ushahidi, na yatupasa kuwa waangalifu. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu mgongoni na matakoni, nayo hufifia wakuapo. Mtu asiyejua huyadhania kuwa alama za kipigo. Kwa hiyo ni vyema mtoto anapoandikishwa, mzazi na mwalimu waandike pamoja alama zote alizo nazo. Baada ya hapo alama mpya hujulikana kuwa ni mpya.

Mtumishi akiona au akiambiwa jambo, asimhoji mtoto kama hakimu. Asimwulize, "Je, ni mjomba aliyefanya hivi?" maana mtoto mdogo hukubali analotiwa kinywani, na ushahidi huharibika. Amsikilize, amwambie kuwa amefanya vyema kusema, kisha aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, hata yakiwa ya kitoto, pamoja na tarehe na saa. Asimwahidi kuwa itakuwa siri. Asimvue nguo kumpekua. Siku hiyo hiyo ampashe habari mkuu wa chekechea, na habari ifike kwa afisa wa watoto au polisi. Simu 116 hupokelewa bure mchana na usiku. Ikiwa mkuu mwenyewe ndiye anayeshukiwa, au ameikalia habari, mtumishi aende moja kwa moja. Mzazi aitwe, isipokuwa pale ambapo kumwita ni kumrudisha mtoto mikononi mwa aliyemdhuru.

Haraka hiyo ina sababu. Mtoto aliyenajisiwa yafaa afikishwe hospitali kabla ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai kitu zikicheleweshwa kupita hapo, na kila saa ipitayo hupunguza nguvu zake. Asiogeshwe kwanza, ijapokuwa moyo wa kila mama hutaka kumwogesha. Na nguo zake zifungwe katika karatasi, si katika plastiki, zisije zikaoza kwa unyevu.

Sasa twawageukia wazee wetu, kwa heshima yote. Mara nyingi habari kama hizi haziendi polisi. Huja kwenu. Hukaliwa chini ya mti, hutolewa mbuzi au fedha, wazazi hupeana mikono, na jina la ukoo husalimika. Huko kaskazini mwa nchi huitwa maslaha. Kwingine lina majina mengine. Wazee mmesuluhisha ugomvi wa mipaka na wa mahari kwa hekima ambayo mahakama haina, wala hatuidharau. Lakini shauri hili si lenu, wala si la familia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, nayo imesema kwamba kukatiza uchunguzi au mashtaka ni uamuzi wa mkuu wa mashtaka wa serikali.

Fikirini pia matokeo yake. Twawataka wanaoomba kazi chekechea walete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Cheti hicho hueleza tu yale yaliyoandikwa. Mtu aliyelipa mbuzi chini ya mti ana cheti safi kama cha mtu mwema. Ahamia wilaya ya pili, aomba kazi ya udereva wa watoto, naye apewa. Sisi ndio tuliomsafishia cheti hicho.

Wako watakaouliza: je, mtu asiye na hatia akisingiziwa? Ni swali la haki. Kupiga ripoti si kuhukumu. Anayeshukiwa aondolewe kwenye kazi ya watoto mpaka uchunguzi uishe, jina lake lisitangazwe sokoni, na mshahara wake usikatwe kwa maneno tu. Na watumishi wajilinde wenyewe kwa taratibu zilizo wazi: mlango usifungwe mtu mzima akiwa peke yake na mtoto, watoto wasipigwe picha za simu kiholela, na mtoto asikabidhiwe mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la lango, hata akiwa ni jamaa anayefahamika.

Halmashauri yaleta mbele yenu azimio moja: kwamba chama hiki kisikae kamwe kusuluhisha shauri la mtoto aliyedhuriwa, na kwamba mzee aletewaye shauri hilo ampeleke mwenyewe mleta shauri kwa afisa wa watoto au polisi siku hiyo hiyo. Katibu ana nakala zake, na kura itapigwa baada ya chakula cha mchana.