RELI YA MAKAA YA ENUGU



Makaa ya mawe yaligunduliwa karibu na Udi, Nigeria, mwaka 1909. Serikali ya kikoloni ikajenga reli ya maili 151 toka pwani, ikafika Enugu 1916. Bandari yake ikapewa jina la Harcourt, waziri wa makoloni kule London, wenyeji hawakuulizwa.

Na mlaji mkubwa wa makaa hayo? Reli yenyewe! Mwafrika akichimba, gari la moshi la Serikali likila.

Novemba 1949 wachimbaji wa Iva Valley walidai malimbikizo ya mshahara wao. Tarehe 18 polisi wakaja kuondoa baruti ya kupasulia miamba, wakawapiga risasi. Wakafa 21.

Ndipo chama cha Zik na Nigerian Youth Movement, waliokuwa wakigombana, wakaketi kamati moja, nayo haikudumu. Ndugu zangu, mbona walingoja maiti?