Karatasi Yetu Yatimiza Toleo la 300
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wasomaji, Buyenzi, Bujumbura)





Nimeamriwa na Chama nisimame mbele yenu nieleze habari za karatasi ambayo wengi wenu mmeisoma, na baadhi yenu mmeifungia sukari. Mwezi huu imetimiza toleo la 300. Mwenyekiti amenipa robo saa, nami nitajitahidi nisiivuke, ijapokuwa miaka 27 haikubali kukunjwa ikaenea katika robo saa.

Wageni huniuliza jina lake. Haina jina. Toleo la kwanza lilitoka katika Ramadhani ya mwaka 1418, yaani Januari 1998, nalo lilikuwa ukurasa mmoja wenye nyakati za futari na daku, matangazo matatu ya vifo, na bei ya mchele. Sikulipa jina kwa kuwa sikudhani kwamba litakuwa na ndugu. Watu wakaiita karatasi, na hata leo mtoto akiambiwa, “Nenda kaniletee karatasi kwa mzee,” harudi na karatasi nyingine.

Waliokuwa watu wazima siku zile wanaikumbuka hali yetu. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia njia za biashara tangu mwisho wa Julai 1996, wala vikwazo havikuondolewa hata Januari 1999. Kila kilichovuka mpaka kilivuka kwa siri, na bei yake nayo ilikuwa ya siri. Rimu ya karatasi nyeupe ilikuwa kitu cha kuwekwa kabatini na kufungiwa kwa ufunguo. Kwa hivyo matoleo ya mwanzo yalipigwa migongoni mwa karatasi za mitihani ya zamani tulizopewa na mwalimu mmoja. Aliyesoma saa za futari upande huu, upande wa pili alikuta hesabu za darasa la sita. Mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinijia akaniambia kwamba upande wa hesabu ndio uliomfaa zaidi, maana wajukuu wake walipata kazi ya kufanya mpaka magharibi.

Vijana hamkuijua kazi ile, basi niruhusuni niieleze. Tulikuwa na stensili, yaani karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa taipureta, kisha unapiga herufi kwa nguvu ili chuma kitoboe nta. Ukipiga kwa upole, herufi haionekani. Ukizidisha nguvu, herufi “o” inadondoka ikaacha tundu. Ikiisha, stensili hutandazwa juu ya silinda yenye wino, mtu akazungusha mkono wa mashine, na wino ukapenya palipotobolewa. Mashine ilikuwa Gestetner ya shule moja, nasi tuliruhusiwa kuitumia Alhamisi jioni tu, kwa sharti tulete wino wetu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi karatasi ilikuwa mlangoni mwa msikiti, na kanzu yangu ilikuwa na madoa ambayo mke wangu ameyahesabu toleo kwa toleo.

Lakini kazi hii sikuibuni mimi, wala si hapa Buyenzi ilikoanzia. Mwaka 1930, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ndogo ya Kiswahili aliyoiita Sahifa, akiwazungumza Waislamu wa pwani juu ya elimu, mila na uvivu wao. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akafariki mwaka 1947. Na makala zake zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Fikirini jambo hilo: maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya wiki moja, yakasomwa yakatupwa, yakaokotwa tena baada ya zaidi ya miaka kumi yakafanywa kitabu. Na Bwana Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, naye alianzisha gazeti lake la Kwetu mwaka 1937, pasipo serikali wala misheni nyuma yake. Nawataja wawili hawa kwa heshima, si kwa kujilinganisha nao. Sheikh aliandika ili atuongoze, na Bwana Fiah aliandika ili atudai haki. Mimi sikuwa na elimu ya kumwongoza mtu, wala kifua cha kumdai mtu. Niliandika nani amezaliwa, nani amefariki, na mchele ni faranga ngapi. Mengine yote mliyoyaona katika karatasi mliyaleta ninyi.

Nitatoa mfano. Katika mwaka wa pili nilianza kuandika bei za samaki. Nikaandika mukeke, nikaandika ndagala, kama tusemavyo sote hapa. Nakala moja ikafika Kigoma katika kikapu cha mfanya biashara, na baada ya mwezi ikaja barua ya bwana mmoja wa huko, yenye adabu nyingi na ukali mwingi. Aliuliza mukeke ni mnyama gani. Kwao samaki yule ni mgebuka, na ndagala ni dagaa, na ziwa ni moja, na samaki ni walewale. Akasema kwamba Kiswahili cha Buyenzi ni cha sokoni, na kwamba karatasi inayosomwa msikitini haifai kuandikwa kwa maneno ya sokoni.

Niliipiga barua ile kama ilivyokuja. Ndugu zangu, majibu yake yalinichukua miezi mitano! Mmoja aliandika kwamba sisi ndio tuliotengewa mtaa huu na serikali ya Wabelgiji kwa kuwa tuliitwa Waswahili, basi leo nani atatunyang’anya Kiswahili? Mwingine alikuwa upande wa Kigoma, akataka kila toleo lisomwe na mwalimu kabla ya kuchapwa. Jibu lililonipendeza kuliko yote lilitoka kwa mama mmoja muuza samaki, ambaye hakujua kuandika, akamtuma binti yake. Alisema kwamba yeye huuza mukeke kwa mtu wa Bujumbura na mgebuka kwa mtu wa Kigoma, katika beseni moja, wala hajapata kusikia samaki akilalamika. Tangu hapo nikaandika majina yote mawili. Bwana wa Kigoma akawa msomaji wetu mpaka alipofariki, na tanzia yake ilikuwa katika toleo la 141.

Sasa nifike katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoistahilia karatasi kuishi.

Usiku wa kuamkia leo nilikuwa nikifungua matoleo ya mwaka 2013. Tarehe 27 Januari ya mwaka ule, siku ya Jumapili, soko kuu la Bujumbura liliungua. Nani hapa hakupoteza kitu, au hakuwa na ndugu aliyepoteza? Vitambaa, mashine za kushonea, magunia ya unga, fedha zilizokuwa sandukuni, vyote vilikuwa majivu. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichoungua ambacho waandishi wa magazeti makubwa hawakukitaja, nacho ni madaftari. Biashara yetu ni ya kuaminiana: mtu huchukua bidhaa leo akalipa mwisho wa mwezi, na ushahidi ni mstari mmoja katika daftari. Madaftari yameungua, basi ni nani atakayemdai nani?

Siku ya tatu akanijia kijana mmoja fundi wa magari. Akaniambia, “Mzee, niandikie tangazo. Sema kwamba ninadaiwa faranga elfu themanini na mama fulani wa vitambaa. Daftari lake limeungua, deni langu halikuungua.” Nikamwuliza kwa nini asimwendee mwenyewe. Akasema kwamba amekwenda, amemkuta mama yule akilia katikati ya watu, akaona haya kumtajia fedha. Akiisoma nyumbani kwake itamwingia vizuri zaidi.

Niliweka tangazo lile peke yake, mwisho wa ukurasa. Toleo lililofuata nilipata mengine manne. Lililofuata, ukurasa wote wa pili ukawa wa madeni. Baadhi walitaja majina yao, wengine hawakutaja illa la mdai. Na mmoja aliandika kwamba deni lake lilikuwa la mwaka mzima nyuma, na kwamba laiti soko lisingaliungua huenda asingalilikumbuka. Mnajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya kuandika deni. Nilikuwa nimeisoma tangu utoto wangu, lakini katika miezi ile mitatu ndipo nilipoona inatafsiriwa na mafundi wa magari.

Sisemi kwamba kila mtu alilipwa. Wako waliokaa kimya, na madaftari hayatafufuka ili yawatolee ushahidi duniani. Ninasema tu kwamba ukurasa ule haukuwa fikra yangu.

Ya mwaka 2015 nitayasema kwa ufupi, maana majeraha mengine hayajapona. Mwezi wa Mei radio za watu binafsi zilinyamazishwa, watu wengi wakavuka mpaka, na mji wetu ukajaa uvumi. Nilitoa karatasi kila mwezi, wala sikuandika neno hata moja la siasa. Yupo msomaji aliyeniletea barua isemayo kwamba karatasi yangu imekuwa bubu, na bubu katika msiba ni sawa na aliyeridhika. Niliichapa barua ile. Hoja yake ni hoja. Yangu ilikuwa hii: siasa ilikuwa na watu wengi wa kuisema, lakini habari kwamba Bi fulani wa barabara ya kumi na mbili amefariki Jumanne na amezikwa Jumatano haikuwa na mwingine. Mtu aweza kuliona hilo dogo. Mimi bado sikulioni kuwa dogo.

Nakala zilivuka mpaka zikafika makambini Tanzania, Nyarugusu na Nduta, zimekunjwa ndani ya masahafu na mifuko ya nguo. Baada ya miezi minne nikapokea barua kutoka Nduta. Mtoto wa kiume alikuwa amesoma katika karatasi kwamba mama yake amefariki. Hakuwa na habari nyingine yoyote. Hakunilaumu. Aliuliza mambo mawili tu: ni nani aliyemwosha mama yangu, na ni nani aliyemsalia? Nilikwenda nikauliza, nikamwandikia. Na tangu toleo lile, ninyi wasomaji mmeona kwamba kila tanzia ina mistari miwili zaidi, wa muoshaji na wa imamu. Watu huuliza desturi ile ilitoka wapi, kwa kuwa hawajaiona katika gazeti lingine. Imetoka Nduta, kwa mtu mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Amerudi, na leo yupo humu ndani, sitamtaja.

Mwenyekiti ananitazama, basi niyamalize.

Macho yangu hayapigi tena taipureta, na taipureta yenyewe haipatiwi vipuri. Kwa miaka minane sasa kazi ya kupanga maneno hufanywa na binti mmoja wa mtaa huu, katika kompyuta, na nusu ya wasomaji hupokea picha ya karatasi katika simu kabla ya mimi kumaliza kutawadha. Kuna vijana wanaosema kwamba tuache karatasi kabisa, tubaki na simu, kwa sababu ya gharama. Wana haki katika hesabu. Lakini mwaka jana wajukuu wa marehemu mmoja walikuwa wakigombania tarehe ya kifo cha babu yao, ipi ilitangulia, yake au ya nduguye, kwa ajili ya mirathi. Simu tatu zilizokuwa na tangazo lile zilikuwa zimekufa au zimepotea. Karatasi ilipatikana chini ya godoro la shangazi yao, toleo la 97, nayo ikapelekwa kwa sheikh. Kwa hivyo nimeomba, na Chama kimekubali, nakala hamsini zichapwe kila mwezi, na matoleo yote 300 yajalidiwe yawekwe hapa, mtu yeyote apate kuyafungua.

Nina upungufu wa matoleo manne: la 14, la 15, la 62 na la 203. Yangu yaliharibiwa na maji ya mvua sandukuni. Mwenye nalo, hata likiwa limefungiwa sukari, alilete kwa katibu; litapigwa picha na kurudishwa siku ileile.

Barua na matangazo ya toleo la 301 yapokewe kabla ya tarehe 20, baada ya sala ya alasiri, mlangoni pangu. Mwenye tanzia aje wakati wowote, hata usiku.

Wassalaam alaykum warahmatullah.