UTAFITI NI AMANA: WAJIBU WETU KWA KILA ELIMU YENYE MANUFAA

(Mhadhara uliotolewa kwa Waislamu wa Kisarawe)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, huenda mtu akauliza: msikiti una lipi la kusema juu ya tafiti za vyuo vikuu? Tunalo la kusema, kwani Allah (s.w.) katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na utafiti ni nini kama si kuhakikisha?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kikapanuka Mlimani hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kisha kikazaa vingine. Kilimo kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mwaka 1984. Tiba ya Muhimbili ikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Leo katika vyuo hivi yupo anayechunguza udongo, yupo anayechunguza damu ya mgonjwa, yupo anayechunguza maneno ya lugha, na yupo anayefukua ardhi kutafuta athari za waliotutangulia.

Tutazame mambo machache yanayotugusa watu wa Pwani.

Kwanza, historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, pamoja na wanafunzi wa Dar es Salaam, walikusanya simulizi za wazee juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Vita vile vilifika hapa Uzaramo, na jumbe Kibasila akanyongwa na Wajerumani. Kabla ya kazi ile, sehemu kubwa ya habari zilizoandikwa zilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Aliyesoma elimu ya Hadithi anaijua njia hii: nani amesema, amepokea kwa nani, alishuhudia au alisimuliwa, na je, kauli yake inaafikiana na za wenzake? Wazee wale wametangulia mbele ya haki. Lau wasingeulizwa, ushahidi wao ungezikwa pamoja nao.

Pili, maradhi. Wangapi kati yetu wameambiwa kwamba busha linatokana na kunywa madafu, au kwamba matende ni kurogwa? Elimu ya tiba imethibitisha kuwa yote mawili husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Kampeni ya kugawa dawa nchini ilianzia Mafia mwaka 2000, lakini wako waliozikataa kwa uvumi kwamba zinaondoa uzazi. Huo ndio uvumi tulioamrishwa kuuhakikisha.

Tatu, miti shamba. Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974. Tunajua kwamba mganga huchanganya mzizi na hirizi, kisha mgonjwa akipona hajui kilichomponya. Mtafiti huutenga mzizi, akaupima. Kazi hiyo inaihifadhi dawa aliyoiumba Allah, na inaihifadhi tauhidi ya mgonjwa.

Nne, kilimo. Muhogo ndio chakula cha wengi wetu. Ugonjwa wa michirizi kahawia huozesha mizizi ardhini ilhali mti kwa juu unaonekana mzima. Watafiti wamebainisha kuwa huenezwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Basi anayempa jirani vipando kutoka shamba lililougua, kwa nia ya wema, huenda akampelekea njaa.

Ndugu zetu, wako wanaogawa elimu mafungu mawili, wakasema hii ni ya dini na ile ni ya makafiri. Mgawanyo huo hauna asili. Mtume (s.a.w.) alipowakuta watu wa Madina wakichavusha mitende, alidhani pengine haina haja, walipoacha na mavuno yakapungua, akawarejesha kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Na wanazuoni wetu, akiwemo Imamu Ghazali, wamehesabu tiba na hesabu kuwa fardhi kifaya: wakikosekana kabisa wa kuzisimamia, umma wote unapata dhambi.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Mosi, mtafiti akibisha hodi na dodoso lake, tusimjibu ili tu aondoke. Kuficha idadi ya watoto wanaoumwa, au kutaja mavuno tusiyovuna, ni ushahidi wa uongo, na kwa ushahidi huo huamuliwa dawa iende wapi na mbegu iende wapi. Asiyetaka kujibu akatae kwa adabu. Pili, watafiti nao wanadaiwa amana: waeleze wanachokitafuta, watunze siri za watu, na warudi kutueleza walichokipata. Tuwaalike misikitini wakasome matokeo yao mbele yetu. Tatu, kijana aliyehifadhi juzuu asizuiwe kusoma baiolojia. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 kwa tamaa hiyo hiyo ya kuziunganisha elimu. Na anayejua Kiarabu atambue kuwa Pwani yetu ina maandishi ya kale, kama yale ya Kufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 Hijria. Tusipoyasoma sisi, watayasoma wengine na kutueleza sisi ni nani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu isiyonufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.