Adabu ya Kusema: Kumfundisha Mtoto wa Shule ya Msingi Kueleza Haja Yake

Walimu wenzangu, nitazungumza juu ya wadogo wa elimu, yaani watoto wa shule za msingi, ambao twawafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini aghalabu hatuwafundishi kueleza haja zao.

Natuingie katika darasa la tatu, popote pale kutoka Tanga hadi Kigoma. Mwalimu amekwisha kueleza kugawanya kwa baki, ameupa ubao kisogo, na chaki ingali mkononi anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima laitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!", na katika dawati la nyuma, walikobanana watatu, yumo binti aliyeitika kwa nguvu kuliko wote ilhali daftari lake li tupu. Hakuitika hivyo kwa ubovu wa tabia. Amekwisha kuona kwamba aliyenyoosha kidole na kusema hakuelewa alichekwa na wenzake, na pengine alikaripiwa kwa kutosikiliza.

Wapo wanaohofu kwamba kumzoesha mtoto kusema wazi ni kumfundisha ujuba, na hofu yao yastahili jibu la staha, kwa kuwa chimbuko lake ni mapenzi ya adabu, ambayo nami nayapenda. Lakini mtoto aliyenyang'anywa kalamu ana njia tatu: kunyamaza akameza machozi, kurusha ngumi, au kumkabili mwenzake na kumwambia pasipo tusi wala kutetemeka, "Umechukua kalamu yangu bila ruhusa, nami siwezi kuandika, naomba unirudishie." Njia ya kwanza humdhulumu yeye mwenyewe, ya pili humdhulumu mwenziwe, na ya tatu peke yake ndiyo yenye insafu, maana huhifadhi heshima ya wote wawili. Uthabiti wa kusema, basi, ni tawi la adabu yenyewe, na wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ustadi huu hupatikana kwa mazoezi. Sentensi ya kalamu ina sehemu tatu, nazo ni jambo lililotendeka, dhara lake, na ombi. Na watoto wa dawati moja, hata darasa likijaa namna gani, waweza kupokezana zamu kwa dakika kumi, mmoja akiomba na mwingine akikataa, ili wajifunze pia kukataliwa bila kinyongo, maana haki ya kusema hapana ni ya mwenzako vilevile. Wala hatuna haja ya kuvunja desturi zetu: mtoto aweza kumwinamishia macho mkubwa wake, na sauti yake isiyumbe.

Lakini sharti ajue kwamba shikamoo haimfungi kumtii mkubwa amtakiaye maovu. Kwamba siri ya kumtia hofu si ya kutunzwa. Na kwamba mtu mzima wa kwanza asipomsikiliza, amwendee wa pili na wa tatu, au apige simu namba 116, ambayo hupokea simu za watoto Tanzania na Kenya. Pamoja na hayo, mzigo wa ulinzi ni wetu sisi wakubwa, wala mtoto aliyeshindwa kusema hana lawama.

Haya si mageni kwetu. Katika "Elimu ya Kujitegemea" ya 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi na imani ya mtu kwamba yu huru na sawa na wenzake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, humpa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 yasema hivyo hivyo.

Hata hivyo, sheria haifui dafu mbele ya sikio lililozibwa. Kwa hiyo naviomba vyuo vya ualimu vimpime mwanafunzi wa ualimu, mbali na ufasaha wake wa kueleza somo, namna ampokeavyo mtoto anayesema, "Mwalimu, sijaelewa." Nasi tulio kazini tuliache lile swali la kuitikiwa kwa pamoja, tuulize badala yake, "Ni wapi palipokuwa pagumu?", na wa kwanza kujibu tumshukuru mbele ya wenzake, kisha tulirudie somo kwa ajili yake.