Vile ordinatere ya ofisi ilikataa kuwaka
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Baraka



Wengi muliuliza kwa nini lile juma hatukuweza kumuonyesha mtu deni lake. Tuseme ukweli.

Ordinatere yetu ni ya zamani, inatumia Ubuntu. Sisi wa ofisi tuliona inakula sana batri ya sola, tukataka kuipunguzia mzigo. Ndani ya Linux kuna kerneli, njo kiini kinachounganisha programu na vyombo: diske, klavie, ekra. Mtu anaruhusiwa kujitengenezea ya kwake. Tukajitengenezea, tukatoa vyote tulivyofikiri havina kazi. Kumbe tulitoa na draiva ya diske!

Tulipoizima na kuiwasha, ekra nyeusi, maneno meupe: haioni diske ya kuanzia. Na mule ndani mulikuwa majina yenu, michango, mikopo, na picha za karatasi za mashamba ambazo wengine walikimbia nazo mpaka Lugufu na Nyarugusu, wakarudi nazo. Kopi nyingine haikukuwa. Hapo njo tulikosea zaidi, kuliko hata ile kerneli.

Fundi mmoja mjini akasema: "Tufute yote, tuanze upya." Bei yake haikuwa mbaya. Tulikataa. Kerneli ile haikuwa imegusa mafaili. Mlango tu njo ulifungwa.

Tena, ukiongeza kerneli yako, ile ya zamani inabaki, mpaka uitoe wewe mwenyewe. GRUB, programu ndogo inayoamka mbele ya zingine, inaziweka zote kwenye liste, ila inaificha kama mashini ina mfumo mmoja tu. Tuliwasha, tukashikilia Shift. Mara ya kwanza tulichelewa. Mara ya pili liste ikatokea. (Kwenye mashini mpya ni Esc, na unaigusa tu.) Tukaingia kwenye chaguo za ziada, tukachukua kerneli ya zamani, ikawaka. Mama mweka hazina alipiga vigelegele.

Mbele ya kurekebisha chochote, tulinakili mafaili yote kwenye diske mbili za nje. Halafu tukaondoa kerneli mbovu, tukaamuru GRUB iandike liste upya. Leo diske moja iko ofisini, nyingine inalala kwa mweka hazina, tunazibadilisha kila Jumamosi. Wafadhili, tulizinunua na pesa ya mafuta ya pikipiki. Mutaiona kwenye ripoti, musishangae.