Msichana Asiambiwe Avumilie Tu

Msikilizaji, maumivu mengi ya hedhi hayana ugonjwa nyuma yake. Mji wa mimba hujikaza, binti humeza ibuprofeni, na baada ya siku mbili tatu yanapoa. Lakini yupo binti ambaye maumivu yalimwanza muda mfupi baada ya kuvunja ungo, yakazidi mwezi hata mwezi, yakakaa zaidi upande mmoja, na dawa hazifui dafu. Huyo apimwe. Wachache miongoni mwao wamezaliwa na mji wa mimba uliogawanyika, upande mmoja una njia na wa pili umezibwa. Damu ya upande ulio wazi hutoka kila mwezi, basi mama, shangazi na hata daktari huridhika kwamba hedhi iko sawa, kumbe ile ya upande wa pili inajikusanya ndani. Mara nyingi figo ya upande uliozibwa nayo haipo, kwa kuwa viungo hivi hujengeka kwa kutegemeana mtoto angali tumboni mwa mama yake.

Ultrasaundi inayotazama mji wa mimba pamoja na figo yaweza kuibua fununu, na kipimo cha MRI kikaonyesha umbo lenyewe. Kizuizi kikiwa ni ukuta ndani ya uke, hukatwa kupitia huko huko bila kupasua tumbo. Ikiwa ni pembe ya mji wa mimba, yaani ule upande wake usio na njia, huondolewa kupitia matundu madogo tumboni ya milimita 5 hadi 10, kamera ikimwongoza daktari. Kidonda ni kidogo, na binti hurudi darasani mapema kuliko aliyepasuliwa tumbo.

Wapo watakaosema hali hizi ni adimu, tutawapasua mabinti bure. Sidai kila anayeumwa apasuliwe. Mwongozo wa 2018 wa chuo cha madaktari wa wanawake cha Marekani unataka dawa zitangulie, na chanzo kitafutwe pale ambapo miezi 3 hadi 6 ya matibabu haikuleta nafuu. Tena, anayetafuta hali hizo adimu huweza kukutana na ugonjwa wa endometriosisi, ambao si adimu hata kidogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unampata mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Wazazi wanaohofia bikira ya binti yao wajue kuwa ultrasaundi hii hupitishwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa mkojo. Na wale wasemao akizaa yatakwisha, wanamtakia hatari bila kujua, kwani mimba yaweza kutunga ndani ya pembe iliyozibwa, ikaipasua, na mama akavuja damu hadi kufa.

Kwa hiyo daktari anayeagiza kipimo aandike kwamba figo nazo zitazamwe. Na mzazi, kabla ya kuondoka hospitalini, aulize: figo zimeonekana ngapi, na mji wa mimba una umbo gani?