Kilima cha Mrima na Mashindano ya Mataifa Makubwa

Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Kona ya Musa

Barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga hupita Ukunda, na watu wa Kona ya Musa waijua vizuri. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi, malori yaliyobeba mchanga wa madini yalipita katika barabara hiyo, yakitoka machimbo ya kampuni ya Base Titanium katika bara ya Msambweni na kwenda gatini Likoni. Shehena ya kwanza ilipakiwa melini mwezi wa Februari, 2014. Na kazi ya kuchimba ilikoma mwezi wa Desemba, 2024, kwa kuwa mchanga wenye faida ulikwisha. Leo malori hayo hayapiti tena. Lakini kabla vumbi lake halijatulia, wageni wengine wameanza kuuliza habari za mahali pengine katika Kwale, yaani kilima cha Mrima.

Mtu aliyesimama kando ya barabara ana haki ya kuuliza maswali mawili. Je, ni nani apangaye bei ya mchanga uvukao bahari? Na kwa nini kilima kilichokaa kimya tangu zama za mababu kitakwe ghafula na mataifa yaliyo mbali namna ile?

Watu wengi hudhani kwamba biashara ni jambo la watu wawili, muuzaji na mnunuzi, na kwamba bei ni mapatano yao. Katika soko la mihogo neno hilo ni kweli. Lakini katika biashara ya nchi na nchi, nyuma ya muuzaji iko Serikali, na nyuma ya mnunuzi iko Serikali nyingine. Serikali hizo hutoza ushuru, hutoa au hunyima leseni, hufunga mikataba, na mara nyingine huzuia bidhaa zisitoke kwa sababu ya ugomvi ambao hauhusiani na bidhaa hizo hata kidogo. Kwa hiyo bei ya mchanga yaweza kupanda au kushuka bila mchanga wenyewe kubadilika.

Jambo hili si geni katika pwani ya kusini. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, waliokuwa wakishindana kupata nchi na biashara katika Afrika ya Mashariki, walipatana wao kwa wao juu ya mipaka. Sultani Barghash wa Unguja aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na bara ikagawanywa kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea ziwa Jipe na kupita mbele. Sultani hakushiriki katika kuupanga mstari huo. Alitakiwa kuukubali tu. Wadigo walijikuta wengine upande huu na wengine upande ule, na leo msafiri hukutana na forodha ya Lunga Lunga upande wa Kenya na ya Horohoro upande wa Tanzania. Mstari uliochorwa kwa sababu ya mashindano ya wageni umekuwa kanuni ya biashara ya wenyeji kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa na tutazamwe Mrima wenyewe. Kilima hicho kipo katika sehemu ya Lunga Lunga, nacho chatokana na miamba ya moto wa chini ya ardhi ya zamani mno. Wataalamu wa miamba walikichunguza katika miaka ya 1950, wakakuta madini yaitwayo niobiamu, ambayo huchanganywa na chuma cha pua na vyuma vingine ili viwe na nguvu zaidi. Pamoja na niobiamu yamo yale yaitwayo madini adimu. Jina hilo lapoteza watu kidogo, kwa maana madini hayo hupatikana katika nchi nyingi. Lililo adimu ni mahali yalipokusanyika kwa wingi wa kutosha, na zaidi ya hapo, ujuzi na viwanda vya kuyatenga na kuyasafisha. Baadhi yake hutumiwa kutengeneza sumaku zenye nguvu nyingi, na sumaku hizo hutiwa katika motokaa za umeme, katika mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, katika simu, na katika ndege na makombora ya vita. Kwa sababu hiyo ya mwisho, Serikali kubwa haziwezi kuyatazama madini hayo kama zitazamavyo karafuu au kahawa.

Kazi ya kuyasafisha madini adimu duniani iko karibu yote katika mikono ya China, yapata sehemu tisa katika kumi. Hali hiyo haikuletwa na bahati. Serikali ya China iliisaidia kazi hiyo kwa miaka mingi, wakati nchi nyingine zilipoona kwamba ni nafuu kununua kuliko kujitengenezea, tena zisichafue ardhi yao. Machimbo makubwa ya Marekani, yaliyoko Mountain Pass katika jimbo la California, yalisimama mwaka 2002.

Mwezi wa Septemba, 2010, chombo cha wavuvi wa China kiligongana na vyombo vya walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa ambavyo nchi zote mbili husema ni vyao. Nahodha alikamatwa. Baada ya hapo shehena za madini adimu zilizokuwa zikienda Japani zilikwama, na wenye viwanda wa Japani wakaingiwa na hofu. China wakati huo ilikuwa imekwisha kupunguza kiasi cha madini kinachoruhusiwa kutoka nchini mwake. Bei zikapanda mara nyingi katika mwaka 2011, kisha zikaanguka. Marekani, Japani na nchi za Ulaya zilipeleka mashtaka katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2014 China ikashindwa katika shauri hilo. Japani haikungoja hukumu. Mwaka 2011 ilikwisha kuikopesha fedha kampuni ya Lynas ya Australia, ili ipate madini kutoka mahali pengine. Hivyo ugomvi juu ya wavuvi wachache ulihamisha fedha nyingi kutoka bara moja hata bara jingine.

Mambo hayo yalirudi kwa nguvu zaidi mwaka 2025. Mwanzoni mwa Aprili, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru mpya juu ya bidhaa za karibu nchi zote. Siku mbili baadaye China ilitangaza kwamba aina saba za madini adimu hazitatoka bila leseni maalumu. Baadhi ya viwanda vya motokaa huko Ulaya na Marekani vilisimamisha kazi kwa kukosa sumaku. Mwezi wa Julai mwaka huohuo, wizara ya ulinzi ya Marekani ilinunua hisa katika kampuni ichimbayo Mountain Pass, ikaiahidi kwamba haitapata chini ya dola 110 kwa kilo moja ya madini ya sumaku, hata bei ya soko ikiwa chini ya hapo. Nchi ambayo kwa miaka mingi iliwahubiria wengine uhuru wa soko, sasa ilikuwa ikipanga bei yenyewe. Katika mwaka huo pia mjumbe wa ubalozi wa Marekani alifika Mrima, na kampuni za Australia zikatangaza nia yao ya kutaka kilima hicho.

Lakini Mrima ulikuwa umekwisha kufikishwa mbele ya majaji wa mbali kabla ya hapo, na habari hiyo yafaa ijulikane na kila mtu wa Kwale. Mwezi wa Machi, 2013, kampuni iitwayo Cortec Mining Kenya ilipewa leseni ya kuchimba Mrima. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba kilimani mna mali ya dola zaidi ya bilioni 60. Mwezi wa Agosti mwaka uleule leseni ilifutwa na Waziri wa Madini wa wakati huo, Bwana Najib Balala. Wenye kampuni walishtaki katika mahakama za Kenya wasifanikiwe. Kisha wakaipeleka Serikali ya Kenya mbele ya baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, wakidai fidia ya dola zaidi ya bilioni mbili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu Kenya na Uingereza zilikuwa zimefunga mkataba wa kulinda mali ya raia wa nchi moja iliyowekwa katika nchi nyingine.

Mwezi wa Oktoba, 2018, majaji walitoa hukumu, na Kenya ikashinda. Sababu yao ni jambo la kutiliwa maanani. Hawakusema kwamba kampuni ni mbaya, wala kwamba Serikali haikukosea katika lolote. Walisema kwamba leseni ile haikutolewa kwa kufuata sheria ya Kenya, kwa kuwa kampuni haikuwa na kibali cha mazingira kilichohitajiwa, na Mrima ulikuwa msitu wa hifadhi na mahali palipolindwa kisheria. Leseni isiyofuata sheria haiwezi kudai ulinzi wa mkataba. Kampuni iliomba hukumu hiyo itanguliwe, na mwaka 2021 ombi hilo likakataliwa.

Basi msikilizaji na apime neno hili. Kama sheria za kulinda msitu zisingalikuwako, au kama zingalikuwako vinywani tu bila kuandikwa, Kenya ingaliweza kutakiwa kulipa fedha nyingi mno. Miti ya Mrima, ambayo wazee wa kaya waliihifadhi kwa ajili ya sala na mila zao, na ambayo baadaye iliandikwa katika daftari la Serikali, ndiyo iliyosaidia kuiokoa hazina ya nchi. Watu wa Diani walio jirani na Kaya Kinondo, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, watalielewa jambo hilo upesi.

Ziko methali mbili ambazo watu huzitumia katika mambo ya namna hii. Moja yasema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyingine yasema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Wengine huona kwamba Mrima ni nyasi: mataifa makubwa yatagombana, kilima kitachimbwa, vumbi lenye mionzi litabaki kwa wenyeji, na ugomvi ukiisha bei itaanguka na mgodi kufungwa, kama Mountain Pass ilivyofungwa, na kama kampuni yake ilivyofilisika mwaka 2015. Wengine huona kwamba Kenya ni kunguru: wanunuzi wakiwa wawili, mwenye mali huweza kuchagua na kuongeza bei.

Methali zote mbili ni za kweli, na aliye nyasi hutofautiana na aliye kunguru kwa matayarisho yake tu. Anayengoja mpaka mgeni abishe hodi ndipo aanze kutafuta hati ya shamba lake, huyo ni nyasi. Anayejua mpaka wa shamba lake, sheria ya nchi yake na sababu ya haraka ya mgeni, huyo aweza kukaa naye mezani. Haraka ya mgeni ni mali ya mwenyeji, lakini haidumu. Mwisho wa Oktoba, 2025, wakuu wa Marekani na China walikutana huko Korea ya Kusini, na China ikakubali kuahirisha kwa mwaka mmoja baadhi ya mazuio yake mapya. Mapatano ya siku moja huko Asia huweza kupunguza shauku ya mtu aliyekuwa akiutaka Mrima jana.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeweka kwamba mrabaha utokao katika madini ugawanywe: sehemu 70 katika mia kwa Serikali kuu, 20 kwa serikali ya kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Lakini kuandikwa kwa mgao ni jambo moja, na kumfikia mwenye haki ni jambo jingine. Hapana budi ijulikane mapema ni nani aitwaye jamii, ni nani atakayepokea fedha na kutoa hesabu yake, mwenye shamba atahamishiwa wapi, na kaya itahifadhiwa vipi. Tena hapana budi iulizwe kama madini yatasafishwa nchini au yatapakiwa yakiwa mchanga, kwa maana faida kubwa na nguvu ya kushindana na wengine vimo katika kusafisha, kama China ilivyoonyesha.

Hata mwisho wa mwaka 2025 hapakuwa na mgodi uliofunguliwa Mrima. Hilo si hasara peke yake. Ni nafasi pia. Wazee, akina mama, vijana na viongozi wa Kwale wanaweza kuutumia muda huo kuuliza, kusoma na kuandika madai yao. Mataifa makubwa yataendelea kugombana na kupatana bila kuitaka rai ya Kona ya Musa. Lakini siku malori yatakapopita tena, ikiwa yatapita, itakuwa vema kila mtu asimamaye kando ya barabara ajue yamebeba nini, kwa mkataba gani, na sehemu yake ni ipi.